Maneno ya Leonilda

Godelive alikuwa amejichoma sindano mara mbili tangu misa itoke, na fundi aliyeshona miaka kumi na sita hajichomi ovyo. Kushona Jumapili ni dhambi, alilijua hilo vizuri, lakini mikono yake ilikataa kukaa bure. Saa nane Mathe angefika na mwalimu wake. Saa nane na nusu mtaa mzima wa Mususa ungejua kwamba yeye Godelive ni mwongo.

Mambo yenyewe yalianza hivi. Maman Julienne, mke wa mfanyabiashara, alikuwa na televisheni, mashine ya kanda, na groupe ya umeme iliyonguruma kama kinu cha kusaga mahindi. Kila Jumapili wanawake walijaa sebuleni kwake kumtazama Leonilda, mwanamke wa mchezo wa ng'ambo, mrembo wa kukera, aliyelia kwa Kifaransa. Kifaransa chenyewe wengi hawakukisikia. Godelive alikuwa amesoma kwa masista kule Lubero mpaka mwaka wa nne, basi akawekwa kando ya televisheni, mita yake ya kushonea ikiwa shingoni, awaambie kwa Kiswahili Leonilda anasema nini.

Na walimpenda Leonilda huyo, we acha tu. Walisuka nywele za Leonilda. Walileta vitenge wakatiwe mikono ya Leonilda, ile inayopanda juu ya bega. Mama mmoja alitaka kumbatiza binti yake jina hilo, padri akamuuliza huyo ni mtakatifu wa nchi gani. Nje vita ilikuwa vita: askari hawa wanaondoka, wale wanaingia, njia ya Beni inafunguliwa asubuhi na kufungwa mchana. Ndani, kwa saa mbili, kulikuwa na Leonilda peke yake.

Kosa lilitokea siku Leonilda alipofiwa na mume. Shemeji yake aliingia, wakasemezana, na Kifaransa kikampita Godelive mbio. Wanawake walikuwa wanangoja. Akafungua mdomo, na yakatoka maneno aliyoyameza yeye mwenyewe miaka tisa nyuma, siku ndugu za marehemu mume wake walipomkabidhi kwa Kasonia, mdogo wa marehemu, pamoja na masufuria na mbuzi wawili. "Mimi hapana kiti ya marehemu," akasema kwa sauti ya Leonilda. "Hapana mutu wa kunikalia."

Sebule nzima ilipiga vigelegele. Maman Julienne peke yake alinung'unika kwamba Leonilda ana sura na magari, anaweza kukataa; wao wa Mususa watakataa na nini? Hawakumsikiliza. Jumapili iliyofuata Godelive aliongeza mengine, maana utamu ulikuwa umeshamwingia.

Kisha Jéthro, dereva wa lori, akauawa njiani akitoka Kasindi. Alimwacha Solange, mke wa miaka ishirini na miwili, na mtoto mgongoni. Mathe, mkubwa wa Jéthro, alikuja kutoka Beu, huko Beni, akasema atamrithi mjane na parcelle, kile kiwanja chenye nyumba, na Solange ahamie kwake awe mke wa pili. Ndipo Solange, mtoto asiyejua kubishana hata na muuza majani ya sombe, aliposimama mbele ya ukoo akasema Leonilda alikataa, na yeye anakataa.

Wazee walitikisika. Kitu kilichosemwa na mtu maarufu mbele ya dunia nzima, nani ajuaye, labda ni sheria mpya. Mathe hakukasirika, na hilo ndilo lililotisha. Alisema atamleta mwalimu Xavier, aliyetumwa na serikali kutoka Kasaï, mtu anayeota kwa Kifaransa, aisikilize kanda. Maneno yakiwamo, ukoo utakaa upya. Yasipokuwamo, Solange afunge mizigo siku hiyohiyo.

Wiki nzima Solange alipita kwenye cherehani kumwambia Godelive asante. Mara tatu alitaka kumwambia ukweli, na mara tatu akainama akapima bega la mteja.

Saa nane walikuwa wamefika wote. Wanaume wa ukoo walikalia viti, Kasonia akiwa kati yao, na wanawake walikaa chini kwenye mkeka. Mwalimu alikuwa na tai na adabu nyingi. Kabla ya kanda alieleza kwamba huko mijini mambo haya ya wanawake kukataa yanaitwa féminisme, na mzee mmoja akauliza kama yana dawa.

Groupe ikawashwa. Leonilda akatokea na kitambaa cheusi kichwani. Shemeji akaingia. Safari hii Kifaransa hakikukimbia hata kidogo. Kila neno lilisimama mbele ya Godelive na kumtazama. Mathe akasimamisha kanda.

"Fundi atafsiri," alisema. "Halafu mwalimu atatuambia kama ni kweli."

Godelive alimtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa anatazama mtoto wa Solange.

"Anasema: unifanye vile unapenda."

"Ni kweli," mwalimu akasema polepole.

Mathe alimgeukia Solange bila haraka, akamwambia gari linaondoka kesho kama njia iko wazi. Wanawake waliinamisha vichwa.

"Ile maneno ingine ni yangu," Godelive akasema. "Leonilda hapana kuyasema. Ni mimi niliyasema, sababu siku yangu ilifika na nikanyamaza."

Hakumtazama Kasonia. Alijua tu kwamba Kasonia anatazama viatu vyake. Mathe alicheka, akawauliza wenzake kama sasa ukoo utaongozwa na washona nguo.

Solange hakucheka. "Ni weye?" aliuliza. "Bazungu hapana?"

"Ni mimi. Hapana muzungu ndani yake."

Solange alifikiri kidogo. Akamfungua mtoto mgongoni, akampa Maman Julienne, akasimama. Akamgeukia shemeji yake na kuanza kusema, si kwa Kiswahili, kwa Kinande, lugha ya ukoo, polepole na bila kupaza sauti, na wazee waliokuwa wanajiandaa kuondoka wakarudi kukaa mmoja mmoja.

Mwalimu Xavier, mtu wa Kasaï, hakuelewa hata neno moja. Alimwinamia Godelive akamuuliza kwa sauti ndogo, "Maman, anasema nini?"

"Ungoje, Mwalimu," Godelive akasema. "Angali anasema."