Mwanamke wa Dakika ya Thelathini na Nne

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Fundi, kwa kuwa cherehani yake ilikaa dirishani na kila mpita njia aliisikia ikilia tangu asubuhi. Mumewe alikuwa Mwalimu, wa hesabu, katika shule ya serikali, mtu wa maneno ya kuhesabika. Dada yake Mwalimu, aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwao, alikuwa Redio. Jina hilo hakupewa kwa ubaya. Habari ikimwingia asubuhi, adhuhuri mtaa mzima unayo, na jioni imeshaota mkia na pembe.

Basi siku Fundi aliporudi kutoka kupeleka makoti thelathini ya wauguzi na madaktari kwa watu wa filamu, amechelewa na uso unamng'aa, akamwambia mumewe, "Mwalimu, nimeingia kwenye filamu," wifi yake alikuwa mlangoni anarudisha sufuria. Haikuhitaji tangazo jingine.

Ilikuwa hivi. Mwigizaji mmoja hakutokea. Mwongozaji wa filamu, kijana wa ndevu asiyejua kukaa chini, aligeuka huku na huku, jicho likamwangukia Fundi aliyekuwa amepiga magoti anapunguza pindo la koti la muuguzi mkuu.

"Mama, hebu kaa pale kwenye benchi."

"Nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Wewe ni mgonjwa unayesubiri kuitwa. Subiri tu."

Akasubiri. Walirudia mara saba. Taa zilichoma, benchi lilikuwa la mbao tupu, na mara ya saba Fundi akasahau kabisa kwamba anatazamwa. Akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. Mwongozaji akaruka juu. "Hapo hapo! Mama, umeua!"

"Nimemuua nani?" Fundi akashtuka, na watu wote wakacheka.

Miezi minane alisimulia habari za benchi lile. Aliyekuja kupunguziwa suruali alisimuliwa, aliyekuja kuulizia njia alisimuliwa. Filamu ilipotoka wakaenda watu saba, onyesho la alasiri: Fundi na Mwalimu, Redio, majirani watatu, na mteja mmoja aliyekuja kuchukua gauni akajikuta amechukuliwa yeye.

Makoti yake aliyatambua yote. Alimkanyaga Mwalimu mguu kila lilipopita moja. Kisha ukaja ukumbi wa hospitali, ukuta wa kijani, benchi lile lile. Fundi akanyoosha shingo. Benchi lilikuwa tupu. Mlango ukafunguka, muuguzi akaita, mgonjwa mmoja akaingia mbio kama aliyeitwa kula, na filamu ikaendelea na safari yake.

"Bado," Fundi akanong'ona. "Nakuja."

Hakuja. Filamu iliisha, taa zikawashwa, majina yakapanda na kushuka, naye amekaa na mkoba mapajani kama mtu aliyeachwa na gari.

"Labda ulikuwa nyuma ya mlango," Redio alisema wakitoka.

Majirani wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, lakini hakusema neno pia, na hilo lilimuuma Fundi kuliko kicheko. Kufikia Jumatatu mtaa ulimpa jina jipya, Nyota, na watoto wa shule wakawa wanapita dirishani wakiuliza, "Nyota, leo uko nyuma ya mlango gani?"

Siku ya tatu alifunga cherehani akaenda kwa mwongozaji. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na mgeni. Kijana yule alipomwona alifunga dirisha, akavuta na pazia.

"Mama, walikukata."

"Nani?"

Mwongozaji akainua macho juu. Fundi naye akatazama dari. Akaona feni.

"Bodi ya Filamu," kijana akasema kwa sauti ya chini. "Haitoki filamu mpaka wao waitazame kwanza."

"Mimi nilikosa nini?"

"Hukukosa kitu."

"Mwanangu, nguo haikatwi bila kipimo. Nilikosa nini?"

Kijana akafungua droo, akatoa karatasi yenye muhuri. Ilikuwa na mstari mmoja tu: *Dakika ya thelathini na nne, mwanamke kwenye benchi, aondolewe.* Sababu haikuandikwa. Pale penye neno "sababu" palikuwa na nukta nyingi, na juu ya nukta hapana kitu.

"Hukuwauliza?"

"Mama, mimi nina filamu nyingine nataka kuitengeneza mwakani," kijana alisema, na macho akayapeleka dirishani, ingawa pazia alikuwa amelifunga mwenyewe.

Fundi alishuka ngazi kichwa kinamwanga. Mtu akimwambia gauni linabana, anajua pa kufumua. Hili alilishika kila upande asione mshono.

Nyumbani Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. "Usiende huko," akasema. "Mimi ni mtumishi wa serikali."

"Kwani huko ni wapi? Si serikali hiyo hiyo? Unaogopa kwenu?"

Aliyejibu ni Redio, aliyekuwa ameketi jikoni bila kualikwa. "Mimi nitakwenda naye. Kama yumo, nimwone kwa macho yangu. Kama hayumo, turudi tumalize maneno."

Wifi ni wifi, lakini siku hiyo Fundi alimshukuru.

Ofisi za Bodi zilikuwa ndefu na safi, viti vya plastiki vimepangwa kandokando ya ukuta. Karani wa kwanza, mwenye tai nyembamba, alipekua faili akatabasamu. "Ah, hili nalikumbuka. Tatizo lilikuwa saa."

"Saa gani?"

"Ya ukutani, nyuma yako. Kwanza inaonyesha saa tatu, halafu inaonyesha saa saba. Mtazamaji atahesabu."

"Basi si wangekata saa?"

Karani akaona swali hilo lina maana, akawapeleka kwa ofisa wa chumba cha pili. Huyu alikuwa mnene, mpole, anakunywa chai. "Nani kasema saa? Saa haina neno. Ni macho, mama. Ulifumba macho. Mtu akifumba macho hospitalini, watu watadhani amekufa."

"Lakini nilikuwa hai. Mpaka sasa niko hai."

"Sisi tunajua. Watu ndio hawajui."

Redio, ambaye kwa kawaida angekuwa ameshasema ya mwaka mzima, alimvuta Fundi kanga. "Wifi, umeelewa?"

"Sijaelewa."

"Hata mimi."

Chumba cha tatu alikaa mkuu wa kitengo, mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Aliwasikiliza wote wawili, kisha akasema, "Bodi haikati filamu. Watengenezaji wenyewe ndio huomba kupunguza."

"Bi mkubwa," Fundi akasema, "karani kaniambia saa, ofisa kaniambia macho, sasa wewe unaniambia sikukatwa. Mimi ni mshonaji tu. Niambieni moja, nikalale nalo."

Mkuu wa kitengo akafungua faili, akalisoma, akaligeuza, akalisoma tena. Uso wake ukabadilika kidogo. Akavaa miwani. "Nimehamia hapa mwezi uliopita," akasema, safari hii kwa sauti ya mtu wa kawaida. "Imeandikwa 'sababu', halafu nukta tupu, chini yake 'tazama kiambatisho'. Kiambatisho hakipo." Akafikiri. "Wewe ulikuwepo pale. Hebu njooni tukiangalie wote kipande chenyewe. Faili haliwezi kukaa hivi."

Ndipo wakaingia chumba cha kutazamia, chenye viti safu mbili na ukuta mweupe. Karani akaitwa, ofisa akaja na kikombe chake. Taa zikazimwa.

Na kweli alikuwepo.

Fundi alijiona amekaa kwenye benchi, bahasha mkononi, mdogo kuliko alivyodhani. Muuguzi akapita asimtazame. Mwingine akapita. Alijiona akiinua kichwa kila mlango ulipolia, na kukishusha. Kisha kichwa kikaenda ukutani, macho yakafumbwa. Sekunde kumi, labda kumi na mbili. Moyo ulimdunda kwa furaha, yuko, hakusema uongo, na papo hapo akawa anajichunguza kama mwizi, anatafuta mkono uliokosea, mguu uliokosea. Hakuona.

"Rudisha," mkuu wa kitengo akasema.

Wakaangalia tena. "Saa," akasema karani. "Macho," akasema ofisa. "Labda bahasha?" mkuu wa kitengo akauliza. "Mama, ndani ya bahasha mlikuwa na nini?"

"Hamna kitu. Waliniambia nishike tu."

"Rudisha."

Ilikuwa mara ya nne ndipo Fundi aliposikia sauti ubavuni. Alidhani wifi yake anacheka. Akageuka. Redio alikuwa amejifunika uso kwa upande wa kanga, mabega yanamtikisika.

"Wifi, nini?"

"Ndivyo alivyokaa mama," Redio alisema.

Mama yao Redio na Mwalimu alifariki mwaka juzi. Mwalimu alikuwa anasimamia mitihani siku hiyo. Aliyempeleka hospitali alikuwa binti yake. Alirudi peke yake akasema, "Mungu amempenda zaidi," na zaidi ya hapo, yeye ambaye hakuwahi kuficha hata bei ya kitunguu, hakumwambia mtu.

"Ndivyo alivyokaa hivyo hivyo," akasema tena, na sasa alikuwa haongei na mtu. "Kashika kadi mkononi. Kila mlango ukifunguka ananiambia, 'Sasa ni sisi.' Kisha akaegemea ukuta. Nikasema kasinzia, nimwache apumzike. Nikamfukuzia nzi. Nikamfukuzia nzi, wifi, saa nzima."

Karani alitazama viatu vyake. Ofisa alikuwa ameshika kikombe katikati ya njia ya mdomo. Ukutani Fundi aliendelea kukaa kwenye benchi, macho kayafumba, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuzima.

Mkuu wa kitengo aliinuka, akawasha taa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Fundi alidhani anataka kusema pole, na kweli midomo ilifunguka kama ya mtu anayetaka kusema pole. Kisha akalivuta faili, akachukua kalamu, na pale kwenye nukta tupu akaandika maneno machache kwa mwandiko mzuri wa shule. Fundi aliyasoma kichwa chini miguu juu: *Huwakumbusha watazamaji.*

"Sasa limekamilika," mkuu wa kitengo akasema polepole. Hakuonekana mwenye furaha. Akawapa karatasi ya kutia sahihi, kwamba kipande kilichoondolewa hakisimuliwi nje. "Ni utaratibu. Wote hutia."

"Na kama sitatia?" Fundi akauliza.

"Mumeo anafundisha shule gani?" ofisa mnene akauliza, kwa upole ule ule.

Hakuna aliyekuwa amemtaja Mwalimu. Wakatia sahihi.

Njiani Redio hakufungua mdomo. Fundi alitembea karibu naye bila kujua ameshinda au ameshindwa. Alikwenda kuuliza kosa lake, kila chumba kikampa jibu lake. Kosa likatafutwa mbele yake kama sindano sakafuni, mpaka likapatikana machoni mwa mtu mwingine. Je, angekwenda peke yake? Faili lingebaki na nukta zake. Labda siku moja mtu angeuliza, kwa nini huyu mwanamke aliondolewa, na kwa kukosa jibu wangemrudisha. Au wasingemrudisha. Alijaribu kulipanga na kulipangua, likamkatalia.

Majirani walikuwa wanawasubiri uani. "Haya, Redio, tupe taarifa! Nyota yumo?"

Fundi akamtazama wifi yake. Redio alifungua mdomo, akaufunga. "Hatukuona kitu," akasema, akaingia kwake.

Kicheko kikapanda tena. Fundi alisimama pale asijue aumie au ashukuru.

Usiku ule alimweleza Mwalimu kila kitu, kwa kunong'ona, licha ya ile sahihi aliyotia. "Alimfukuzia nzi?" Mwalimu akauliza. Akavaa viatu, akaenda kwa dada yake, na hakurudi mpaka alfajiri.

Yaliyofuata hayakuwa makubwa. Mtaa ulipata mwingine wa kumcheka, na jina la Nyota likafa lenyewe. Filamu iliendelea kuonyeshwa, na watu wakaisifu kwamba hospitali yake ni safi. Redio alianza tena kusema, ila alisema ya wengine kidogo kuliko zamani. Kuna siku alianza habari akaikatiza katikati, akatazama mlangoni, kisha akauliza kuhusu hali ya hewa.

Wiki ya tatu alikuja na kitambaa cha gauni, akaketi kando ya cherehani huku akipimwa mikono.

"Wifi," akasema, "nikuulize kitu. Pale kwenye benchi, ulipofumba macho. Ulikuwa unamfikiria nani?"

Fundi aliona haya. Alitaka kusema, nilimfikiria mama. Lingekuwa neno jema, na nani angejua?

"Nilikuwa nawaza kama nimezima pasi," akasema.

Redio alimtazama. "Pasi?"

"Nilitoka nyumbani mbio. Sikukumbuka kama nimeizima."

"Kwa hiyo mimi nimelia mbele ya serikali nzima kwa sababu ya pasi?"

"Sijui, wifi. Kwa kweli sijui."

Redio alitikisa kichwa. Uso wake ulikwenda upande wa kicheko, ukarudi, ukaenda tena, na Fundi hakuweza kubaini ungeishia wapi. "Ulikuwa umeizima?"

"Nilikuwa nimeizima."

"Mikono iwe mirefu," Redio akasema. "Mpaka hapa." Fundi akavuta utepe, akaandika kipimo.