Beti Tisa Nyuma ya Mama wa Kijani

Dada yangu ana kitabu ambacho sikigusi bila kunawa baadaye. Zamani kilikuwa rejista ya nguo za hospitali, anakofanya kazi ya udobi. Wenyewe walikitupa, yeye akakiokota. Kila siku ina ukurasa wake, na kwenye kila ukurasa anabandika takataka: tiketi ya basi, karatasi ya peremende iliyolambwa, kipande cha bendeji, kitana kilichovunjika chenye nywele za mtu asiyemjua. Chini anaandika maneno machache. "Jumatano. Mvua. Mashine ya pili imegoma." Basi. Hiyo ndiyo anaiita kumbukumbu ya maisha yake.

Vitu vingi vinatoka kwenye mifuko ya nguo za wagonjwa. Ameniambia mara mia kwamba vimekwisha kuchemshwa pamoja na nguo, kwa hiyo ni visafi kuliko vidole vyangu. Mimi nasema jino la mtoto, hata ukilichemsha siku saba, ni jino la mtoto. Lipo mle, kwenye kurasa za mwezi wa tatu, limefungwa kwa uzi. Gundi yake ni uji wa unga wa ngano anaoupika Jumatatu, na ikifika Ijumaa kopo linanuka kama mguu uliotoka kwenye kiatu cha mvua. Ukikifungua kile kitabu, kurasa zinaachana kwa shida, kama bendeji na kidonda.

Mimi ni mtu wa tungo. Hakuna aliyenifundisha. Vina na mizani nimejifunza mwenyewe, nikihesabu kwa vidole kando ya mashine ya kukata karatasi kwenye kiwanda cha lebo. Karatasi nzuri pale haitoki nje ya geti. Zinazotoka ni lebo zilizoharibika, nami huandika nyuma yake.

Mhariri wa jarida la wafanyakazi alikuwa ameniahidi kuchapa shairi langu, la kwanza kuchapwa, kama litamfikia Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa nimejigamba kwake: beti arobaini, zote kuhusu kazi yetu. Thelathini na moja zilikuwa kwenye daftari. Tisa za mwisho nilizitoa kwa mkupuo mmoja Alhamisi, saa ya mapumziko, nyuma ya lebo ya sabuni, na sikuzirudia tena. Jumamosi asubuhi lebo haikuwepo kwenye meza ya nyumbani nilikoiacha.

"Dada, umeona karatasi yangu?"

"Ipi? Yenye yule mama wa kijani?"

Ile lebo ilikuwa na picha ya mwanamke anayecheka. Wino mwekundu uliisha katikati ya kazi, uso ukatoka kijani, kama wa mtu aliyemeza kitu kilichooza.

"Usiniambie umeibandika."

"Niliikuta sakafuni. Nikasema leo bwana mdogo katupa kitu cha maana."

"Nyuma kuna shairi."

"Nani anaangalia nyuma ya lebo?"

"Nani anaokota lebo?"

"Nani anaandika shairi kwenye sabuni, malenga?"

Akaleta kitabu. Mama wa kijani alikuwa amejaa ukurasa mzima, na shingoni dada alikuwa amemvalisha mkufu wa plasta zilizotumika, kila moja na doa lake la kahawia. Chini ameandika: "Alhamisi. Leo wodi nzima ilikuwa na sura hii."

"Naibandua," nikasema.

"Utaharibu siku yangu."

"Na shairi langu je?"

"Shairi utatunga jingine. Alhamisi nyingine kama ile nitaipata wapi?" Akanitazama kidogo. "Haya, bandua. Lakini utairudisha kwa mikono yako, plasta kwa plasta. Mimi sikusaidii."

Nikachemsha maji, nikashikilia ukurasa juu ya mvuke. Harufu iliyopanda siwezi kuisahau: uji uliochacha, dawa, na ngozi ya watu. Plasta moja ikadondoka, ikaninasa kwenye kifundo cha mkono. Nikatema mate kwenye sinki.

"Taratibu, usimtemee mgonjwa," dada akasema.

Lebo ikaachia. Nikaigeuza. Wino ulikuwa umevimba kidogo, lakini kila neno lilisomeka.

"Soma basi, tusikie kilichokufanya univunjie ukurasa."

Nikasoma kwa sauti, kifua mbele:

*Ewe ua la bustani, ukicheka nazimia,*
*Nitakuweka moyoni, sitoacha kulilia...*

Nikafika ubeti wa tatu, akainua mkono.

"Ngoja. Si ulikuwa unaimba mashine? Hili ua limetoka wapi?"

"Ni mafumbo."

"Na unamlilia nani?"

Nilikuwa ninalilia kina. Nikazipitia zote tisa kimyakimya. Maua, mwezi, asali, machozi, na mimi sina bustani wala sijawahi kuzimia. Niliyokuwa nayo ya kusema kuhusu kazi yaliisha kwenye ubeti wa thelathini na moja. Haya mengine niliyatapika ili idadi itimie. Jino la mtoto limetoka kwenye kinywa cha mtu kweli. Beti hizi hazikutoka popote. Nikazionea kinyaa hata kuzishika.

"Gundi iko wapi?" nikauliza.

"Kopo lile. Koroga kwanza, juu imefanya ngozi."

Nikakoroga kwa kidole kwa sababu brashi yake ilikuwa na manyoya matatu tu. Nikapaka, nikabandika beti zangu tisa kifudifudi, nikamrudishia mama mkufu wake. Dada alisimama nyuma yangu kama msimamizi wa zamu. "Ile yenye doa kubwa ilikuwa kulia," akasema. Nikaihamishia kulia.

Nikanawa mara tatu, nikaenda na daftari kwa mhariri.

Mhariri alikuwa amekaa na penseli sikioni. Alihesabu beti, akasoma, akahesabu tena.

"Ulisema arobaini."

"Nilisema."

"Tisa ziko wapi?"

"Zilikuwa mbovu."

"Zote?"

"Zote."

Akarudia kusoma ubeti wa mwisho. "Kisu cha mashine kiko hewani, halafu basi? Msomaji atadhani karatasi imechanika."

"Sina la kuongeza, mzee."

Akatazama saa ya ukutani, ilibaki robo saa kufika saa sita. Akapima chini ya ukurasa kwa rula.

"Patabaki wazi kiasi cha kiganja. Nina tangazo la dawa ya mende, linaenea hapo sawasawa. Niliweke, au urudi na shairi mwezi ujao likiwa kamili?"

"Liweke," nikasema.