Nguzo Zilizonuna

Nguzo zangu mbili za tamasha la sanaa zilisimama katikati ya uwanja kama maharusi walionuniana, na Montreal nzima ikizipita, mikono imezama kwenye glavu za sufu.

Jamani, glavu! Nguzo tulizijaribu karakanani, kwenye joto, tumevaa fulana, zikaimba hadi vioo vikatetemeka. Wewe unashika shaba ya nguzo hii, mwenzio ile, mnagusana ngozi kwa ngozi: taa zinawaka, sauti inapanda. Mimi, niliyevishwa glavu kabla sijajua kutembea, nikasahau kabisa kwamba kuna Februari na baridi yake!

"Tuweke kibao," nilimwambia Ghislaine, bosi wangu, asubuhi. "Tuandike: vueni glavu."

"Kazi inayoomba ielezwe imeshakufa, Maélie. Na uliyeichora ni wewe."

"Na uliyeipitisha ni wewe!"

Akaenda zake bila kunibusu mashavu. Kwetu salamu ni busu shavu hili, kisha lile; hata shangazi usiyempenda humwachi hivyo.

Alasiri waandaaji wa tamasha wangekuja kuamua: zibaki, au zing'olewe kesho. Nikakaa, nikasimama, nikazunguka. Moyo ulikuwa panya ndani ya debe. Mzee mmoja alizigonga kwa glavu, akamwambia mkewe, "Hizi za kufungia mbwa."

"Jifunge wewe kwanza, unavyopotea kila duka."

Wakapita wakicheka.

Mara Ghislaine akaja mbio, kahawa mkononi. "Hivi umeme upo kweli?" Akavua glavu ya mkono wa pili kwa meno, akashika shaba ya nguzo moja.

"Upo." Nikavua yangu, nikashika nguzo ya pili. Mkono mwingine ulikuwa na simu. "Wameshafika. Wale pale."

Baridi ikauma hadi mfupani. Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, nimeyanoa tangu asubuhi. Lakini nikamwona: pua inachuruzika, kahawa inatetemeka. Kumbe naye anaogopa! Maneno yakaniyeyukia mdomoni.

"Hatujasalimiana leo," nikasema.

"Sasa hivi, we kichaa?"

Nikanyoosha shingo. Akaguna, akainama.

Shavu la kwanza, nguzo zikaunguruma, theluji yote ikageuka rangi ya chungwa. Kahawa ikamwagika. Waandaaji wakasimama walipokuwa. Mmoja wao, taratibu, akaanza kuvuta ncha za glavu yake.

Ghislaine hakuachia shaba.

"Usitikisike," akaninong'oneza. "Bado la pili."