Gego la Kushoto

Nasambu alikuwa amebakiwa na gego moja tu la kutafunia, la kushoto, chini. Ya kulia yaling'olewa zamani, na tangu hapo mahindi ya kuchoma aliyala kwa macho. Ndiyo maana alipopanda ngazi za kliniki ya Daktari Ndung'u, pale Ziwani, neno lake lilikuwa moja: asing'olewe.

"Hatung'oi, dada. Tunasafisha ndani ya mzizi," Ndung'u alimwambia. "Ila hapa haraka haina baraka. Mzizi ni mkavu kama mua wa juzi. Ukiusukumia tupa nene ya kusafishia kabla ya wakati, unapasuka."

Huku mdomo ukifa ganzi, Nasambu alizitazama zile tupa, nyembamba kama sindano, zimechomekwa kwenye sponji kwa mpango wa rangi za vishikio, kuanzia nyembamba kabisa hadi nene: nyeupe, njano, nyekundu, buluu, kijani. Kuchambua rangi ndiyo kazi yake, vifuniko vya chupa, kiwandani kule Mukuru. Daktari akaanza na nyeupe. Akaizungusha kwa vidole polepole, akaosha kwa dawa, akarudia. Kisha njano, vivyo hivyo.

Simu ikalia mapajani. Ni Luseno, msimamizi wa zamu ya mchana.

"Niaje, Nasambu, uko wapi? Geti limejaa watu wa kutafuta kazi. Saa saba ikigonga naingiza huyu Kate mahali pako, na akiingia leo ameingia mazima. Usije ukanililia."

"Nakuja," akajibu kwa ulimi mzito, kisha akamgeukia Ndung'u. "Daktari, ongeza mwendo."

"Niache nizibe kwa muda, urudi kesho."

"Kesho ruhusa atanipa nani? Kazi ikienda, hilo jino litatafuna nini?"

Ndung'u akaigeukia sponji. Mkono wake ukaruka nyekundu, ukaruka buluu, ukachukua kijani. Nasambu aliona. Angeweza kuinua kidole tu, naye daktari angeacha. Akafumba macho.

Uchungu haukuwepo. Alisikia tu mlio mdogo ndani ya kichwa, kama kijiti kikavu kikikanyagwa, na mkono wa daktari ukatulia.

Ndung'u akadondoshea jino matone ya rangi, akaosha, akamulika. Rangi ilibaki kama uzi, ikashuka na mzizi hadi isipoonekana.

"Limepasuka, dada. Nilipaswa kukataa. Kosa ni langu."

"Haliwezi kuzibwa?"

"Likizibwa litaoza na mfupa wake."

Nasambu akatazama saa ya ukutani. Boda ingemfikisha.

"Kung'oa kunachukua muda?"

"Si mrefu."

"Basi ng'oa, niende," akasema, akaachama.