Kasri Kwenye Karai

Ijumaa jioni Nyanchoka alipofika dukani kwa Ruqiya mjini Kisii, sanduku lilikuwa juu ya kaunta, kubwa kama sanduku la mwanafunzi wa bweni. Ndani yake kulikuwa na kasri la kale, vipande elfu nne vya plastiki vya kuunganisha kimoja kimoja, na ubavuni limeandikwa kuwa ni la watu wazima. Alikuwa amelitamani tangu mwaka wake wa mwisho chuoni, akilitazama kwenye simu jinsi wenzake walivyotazama picha za wachumba.

"Lipa tu dadangu, ulibebe," Ruqiya alisema.

Nyanchoka akachungulia nje. Jua lilikuwa limezama. Kwao Wasabato, jua likizama Ijumaa Sabato imeingia. Hununui hata kiberiti.

"Nitakuja Jumapili asubuhi," akasema, akatoka na moyo mwepesi kama aliyefaulu mtihani. Hakumwomba Ruqiya amwekee. Aliona kuwa hata kuweka nafasi ni biashara.

Jumamosi, Nyanchoka akiwa kanisani kule Manga, Mwalimu Machogu akapita dukani akalinunua. Machogu alikuwa Mkatoliki, na walifundisha shule moja huko Marani. Nyanchoka mwenyewe ndiye aliyemwonyesha ile picha, siku walimu wengine walipomcheka kwamba anataka michezo ya watoto. Machogu peke yake hakucheka.

"Madam, njoo uone kasri!" alimpigia simu Jumapili, Nyanchoka akiwa ndiyo kwanza anatoka dukani mikono mitupu.

Alipanda bodaboda. Njia nzima aliona minara ikipanda chini ya vidole vya mtu mwingine. Akajikuta akiomba kuta zikatae kusimama, kisha akaona haya, kisha akaomba tena.

Jacinta, mke wa Machogu, alimpokea mlangoni.

"Karibu, Mwalimu. Mwondoe huyu mtu kwa ungo wangu. Tangu jana anapepeta plastiki, na wimbi langu la uji linaningoja."

Sebuleni, Machogu alikuwa amechuchumaa mbele ya karai la kuogea. Vipande vyote elfu nne vilikuwa humo, vimechanganyika kama mahindi na maharagwe. Hakuna hata ukuta mmoja uliosimama.

"Vifuko vya vipande vilikuwa na namba," Nyanchoka akasema polepole. "Unafungua kimoja, unajenga, ndipo unafungua kingine."

"Nilidhani ni namba za kiwandani."

Raha ikampanda Nyanchoka hadi masikioni, raha mbaya ya kumwona mwenzako ameanguka. Angeweza kuaga na kucheka hadi Manga.

"Ulijua nalitaka," akasema badala yake.

Machogu hakuinua macho. "Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

"Siku ile ulipolieleza, Madam, uso wako... Walikucheka na hukujali. Mimi sijawahi kupenda kitu hivyo. Nikakuonea wivu. Nikafikiri nikiwa nalo, na mimi nitapata." Akachota vipande kwa kiganja, akaviachia. "Nimepata maumivu ya mgongo. Lichukue."

Nyanchoka alitaka kubaki na hasira yake, maana alikuwa ameibeba tangu asubuhi. Lakini mtu huyu alikuwa amelinunua sanduku na bado alilia njaa ileile ya kupenda kitu. Alivua viatu, akaketi sakafuni, akauvuta ungo kwake.

"Tutalijengea hapa hapa. Kubeba karai kwenye bodaboda siwezi."

Machogu akatabasamu, akanyoosha mkono na kipande cha kijivu kuelekea bamba la msingi.

Nyanchoka akampiga kofi dogo la kiganjani.

"Wewe unachagua. Mimi ndiye ninayeweka."

"Hata kimoja?"

Nyanchoka akachota vipande karaini, akavimwaga kwenye ungo. Wivu ulikuwa bado unamkwaruza.

"Labda mnara wa nyuma," akasema. "Tutaona."