Helmeti Iliyoshonwa na Wifi

Bendera nyekundu ilikuwa juu kwenye barabara inayotengenezwa, magari yamesimama foleni, na mshika bendera alikuwa akicheka peke yake. Asubuhi hiyo alijiona bibi harusi. Helmeti ya kazini, iliyomwachia masikio na shingo juani miaka yote, sasa ilikuwa na ukingo mpana wa turubai na pazia la kitambaa kisogoni.

"Wifi yako kakushonea hema!" dereva wa rola la kushindilia lami alimpigia kelele kutoka juu ya mashine.

"Wivu huo, kaka! Mwambie na mkeo akushonee."

Alikuwa na haki ya kuringa. Alizaliwa na ualbino, na wiki iliyopita kliniki ya ngozi ilimkata kidonda cha sikioni, kile kilichokuwa kikipona juujuu kisha kinavuja damu tena. Ilikuwa saratani, ila iliwahiwa. Muuguzi hakuzungukazunguka: ngozi haina rangi ya kuikinga, jua limeichoma tangu utotoni, na kila siku ya kuungua inaongeza hatari. Avae kofia pana na mikono mirefu, akae kivulini. Wifi yake, fundi cherehani, akaivalisha helmeti sketi.

Afisa usalama akashuka garini.

"Wewe! Nani kakuruhusu hilo dude? Kanuni ni helmeti kama ilivyotolewa. Litoe, au nenda nyumbani."

"Bosi, sikio limekatwa wiki iliyopita tu. Ni jua hili."

"Mbona wenzako hawalalamiki?"

Dereva akazima rola, akashuka, akakunja suruali. "Mimi je? Niliungua hapa na lami zamani. Sasa kovu limechimbika na halifungi."

"Kaka, usikae nalo hilo!" mshika bendera akashtuka. "Muuguzi alisema kovu la zamani likigeuka kidonda, nalo linaweza kuwa saratani. Kesho twende wote kliniki."

"Hapa si hospitali," afisa akafoka.

"Basi shika." Mshika bendera akamkabidhi bendera zote mbili, nyekundu ya kusimamisha na kijani ya kuruhusu, akaenda kukaa kwenye kivuli cha rola.

Kwa kanuni hizohizo, bila mshika bendera hakuna kazi. Wamwaga lami wakaweka makoleo chini. Afisa akamnyooshea bendera huyu, akamnyooshea yule.

"Mimi sijasomea bendera, bosi," walijibu mmoja mmoja, wakibana vicheko.

Akasimama mwenyewe. Akachanganyikiwa, akainua zote mbili. Kila upande ukaona ya kijani, magari yakaingia, yakakutana uso kwa uso katikati. Honi zikalia, matusi yakafuata. Jasho likamtiririka, masikio yakamwiva.

"Haya, livae," hatimaye akasema, akimrudishia bendera. "Lakini leo tu!"

"Leo tu?" mshika bendera akauliza, sauti ikiwa juu kwa msisimko. "Kwani kesho jua halitoki?"

Afisa alikuwa ameshaingia garini, anapandisha kioo.