Kitambaa cha Buluu

Kila Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ng'ombe walipangwa foleni kwenye uchochoro uliozungushiwa mabomba nyuma ya machinjio, na kila Jumatatu baadhi yao walifungwa kitambaa cha buluu kwenye mguu wa mbele wa kushoto. Kitambaa chenyewe kilikuwa kimoja. Ng'ombe akishakaguliwa, kilifunguliwa na kufungwa kwa anayemfuata, kwa hiyo wenye mimba walipita kwa zamu na hawakuwahi kugombana.

Kitambaa kililetwa na sheria. Juu ya mlango palikuwa na ubao ulioandikwa kwamba ng'ombe mwenye mimba asichinjwe, isipokuwa aliyevunjika mguu. Waliouandika walimaanisha ajali. Wachuuzi walipousoma, wakatafuta kitambaa.

Mkaguzi wa nyama alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Bi Muhuri, kwa sababu wino wa zambarau ulikuwa umekwisha kuhamia vidoleni mwake na sabuni ilishakata tamaa. Alikuwa akikunja ngumi, anaisukuma ubavuni mwa ng'ombe upande wa kulia, anasubiri. Kama kuna kitu ndani, nacho kilimsukuma. Kwa nguvu ya msukumo huo aliweza kutaja miezi bila kukosea. Kisha aliandika, "Mguu umevunjika," akampisha ng'ombe aingie, na baadaye akaigonga muhuri nyama. Mfuko wa uzazi na kilichokuwemo vilitupwa shimoni nyuma ya choo.

Hakuwahi kukifungua kile kitambaa. Mwenye nacho alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mchuuzi mnene mwenye vicheko. Kukifungua mbele ya wachinjaji kungekuwa sawa na kumvua shemeji nguo hadharani.

"Mwenye mimba ananawiri, shemeji," mchuuzi alipenda kusema. "Manyoya yanang'aa, tumbo limejaa, mizani inafurahi. Mimi nanunua ng'ombe, ya ndani siyajui."

Ndama wa kwanza alifika nyumbani kwa Bi Muhuri siku ya Alhamisi, alasiri. Mumewe, ambaye ni seremala, alikuwa uani akipiga randa mlango wa mteja. Ndama aliingia getini akiwa bado amelowa, akapita katikati ya maranda, na maranda yakamganda mwili mzima. Pajani alikuwa na muhuri wa zambarau, na tarehe yake ilikuwa ya miezi mitatu nyuma.

"Mama Watoto," Seremala aliita, "mgeni wako."

Bi Muhuri alitoka na sufuria mkononi. Akausoma muhuri, akahesabu kwa vidole. Siku ile alikagua ng'ombe mwekundu mwenye mimba ya miezi sita. Sita na mitatu ni tisa. Ndama alikuwa amefika siku yake.

"Amepajuaje hapa?"

"Muhuri ni wako. Ulitaka aende kwa nani?"

Ndama alichechemea. Bi Muhuri aliupapasa mguu wa mbele wa kushoto, akakuta mfupa umevunjika chini ya ngozi, pale pale mama yake alipofungwa kitambaa. Mama yake alikuwa mzima. Aliingia machinjioni kwa miguu minne imara. Seremala hakuuliza mengi. Maisha yake yote hakuwahi kukataa kazi ya mguu, uwe wa meza au wa kitanda. Alikata vipande viwili vya mbao laini, akavipiga msasa, akamfunga ndama gango.

Baada ya huyo wakaja wengine, kila mmoja siku yake, hadi wakawa kumi na saba. Wote walikuwa na muhuri pajani, na wote walichechemea mguu ule ule. Hawakukua na hawakupona. Maziwa waliyanyonya kwa furaha, na kiwango kwenye kopo hakikupungua. Jirani alikuja kulalamika mara moja tu, kwamba wanatafuna mashuka yake kwenye kamba, na Seremala akamtengenezea kamba ndefu zaidi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini nani atampa jembe kiumbe mwenye gango?

Ukweli ni kwamba nyumba ilipendeza. Watoto wao walishaoa na kuolewa, na kwa miaka kadhaa pale sebuleni palisikika saa ya ukutani peke yake. Sasa koridoni palikuwa na joto la pumzi kumi na saba. Magoti ya Seremala yaliacha kuuma. Alianza kuimba tena, vibaya kama zamani, na Bi Muhuri alikuwa akirudi kutoka kazini haraka ili amsikie.

Jumapili moja mchuuzi alikuja kula kwao. Ndama walimlamba mikono, naye akawakuna masikio mmoja mmoja, maana hakuwa mtu wa roho mbaya. Baada ya chakula alimbeba mmoja mpaka kwenye mizani iliyokuwa garini mwake. Mshale haukutikisika. Akamrudisha uani.

"Hawa ni wa kupendwa tu," alisema. "Una bahati, shemeji."

"Mbona wanachechemea?"

"Hapo usinitazame mimi. Mimi nafunga kitambaa. Sijavunja mguu wa mtu."

Alipoondoka, Seremala alikaa kwenye ngazi, ndama watatu wamemwegemea. "Nawapenda hivi hivi walivyo," alisema. "Ila natamani hata mmoja akimbie. Mmoja tu, nimwone."

Kwa miaka thelathini ya ndoa, mume huyo alikuwa hajaomba kitu kikubwa kuliko chai iongezwe tangawizi. Maneno yake yalimwingia Bi Muhuri na hayakutoka.

Jumatatu iliyofuata wa kwanza kwenye foleni alikuwa ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe usoni. Alikuwa amebakiza siku chache kuzaa. Maziwa yalimdondoka kwenye saruji. Bi Muhuri alisukuma ngumi ubavuni, na kilichokuwa ndani kilimsukuma hadi akarudi nyuma hatua moja. Akainama, akakifungua kitambaa.

Wachinjaji waliacha kunoa visu. Mguu ulikuwa mzima, laini, hauna hata mkwaruzo. Bi Muhuri akakitia kitambaa mfukoni mwa koti, akaandika, "Mzima. Ana mimba. Arudishwe."

"Shemeji, leo umeamkaje?" mchuuzi aliuliza.

"Salama. Mguu wa huyu haujavunjika."

"Haya, nimekusikia."

Hakununa. Alimshika ng'ombe kamba, wakatoka. Bi Muhuri alikagua waliobaki moyo wake ukiwa mwepesi, na saa ya chai alikunywa vikombe viwili.

Mchuuzi alirudi kabla vikombe havijaoshwa. Ng'ombe mweusi alikuja nyuma yake kwa miguu mitatu. Ule wa mbele wa kushoto ulining'inia.

"Sasa kagua," alisema. Alisema kwa upole, kama mtu aliyetumwa kurekebisha fomu na ameirekebisha.

Bi Muhuri alikagua. Ulikuwa umevunjika pale pale. Aliutazama ubao juu ya mlango, na ubao haukuwa na la kuongeza. Moyo ulimuuma sana, lakini aliandika, "Mguu umevunjika," na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe maneno hayo yalikuwa kweli. Alasiri aliigonga muhuri nyama.

Siku ya tano, ndama mweusi mwenye baka jeupe aliingia uani mbio. Aliruka rundo la mbao, akapita chini ya mashuka ya jirani, akazunguka nyumba mara nne. Seremala alitupa randa, akamfukuza kwa yale magoti yake, akicheka hadi machozi. Wale kumi na saba walitoka koridoni wakichechemea, wakajipanga ukutani kutazama. Bi Muhuri naye alicheka. Alifurahi, wala hakuna sababu ya kulificha hilo.

"Umefanyaje?" Seremala aliuliza, akihema.

"Niliandika ukweli."

"Basi andika hivyo hivyo kila siku."

Bi Muhuri alimtazama ndama akizunguka mara ya tano, akamkumbuka mama yake alivyoupanda mteremko wa kuingia machinjioni kwa miguu mitatu, na muda uliomchukua. Kisha alikwenda ndani, akakitoa kitambaa cha buluu mfukoni mwa koti la kazi, akakifua kwa sabuni, akakianika kwenye kamba, juu kidogo, wasikifikie.

Jumatatu alikibeba kikiwa kimepigwa pasi. Mchuuzi alikuwa ameleta ng'ombe wanne, na mkononi alishika kipande cha nondo.

"Shemeji," Bi Muhuri alisema, "ulisahau kitambaa chako."

"Nilidhani hukitaki tena."

"Nakitaka. Kifunge."

Mchuuzi aliweka nondo chini, akamfunga wa kwanza. Ng'ombe huyo alipanda mteremko taratibu, kwa miguu yake minne. Bi Muhuri alikuwa amesukuma ngumi ubavuni, naye akasukumwa. Miezi saba.

Jioni alimkuta Seremala akifagia maranda, ndama mweusi akiyatawanya upya.

"Kuna mwingine anakuja," alimwambia. "Miezi miwili kutoka sasa."

"Atakimbia?"

"Atachechemea."

Seremala aliegemeza ufagio ukutani, akachomeka penseli nyuma ya sikio, akaenda kuchagua mbao laini.